Kupangiwa na Kutahasusi

Kila mwaka, majira ya Mei na Juni, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, hutoa orodha inayosubiriwa kwa hamu na hofu katika nyumba nyingi za Tanzania. Kichwa chake kimekuwa cha kudumu: waliochaguliwa kujiunga na Kidato cha Tano na vyuo. Kisome polepole. Kitenzi cha kwanza kiko katika kauli ya kutendwa. Cha pili kimebeba -ji-, alama ya mtu anayejitendea mwenyewe. Mwanafunzi anachaguliwa, kisha anajiunga. Vitenzi hivyo viwili vinavutana, na katika mazungumzo ya kawaida cha kwanza ndicho kinachoshinda. Mama mdogo anapiga simu kutoka Mbeya: “Umepangiwa wapi, mwanangu?” Mtoto anajibu: “Kibaha, mama. PCB,” yaani fizikia, kemia na biolojia. Mama mdogo hamuulizi amechagua nini. Anamuuliza amepangiwa wapi, na swali hilo hakuna anayeliona la ajabu.

Nimevutiwa na maneno ya sekondari ya juu kwa sababu yako mengi, yanatoka mbali, na kila moja lilikuja na ahadi yake. Tunapotaka njia za masomo zilizo nyumbufu zaidi, zinazomruhusu kijana kuchanganya, kuhama na kurudi, ni vema kwanza tuyakague maneno tuliyo nayo.

Tuanze na kidato. Mkwezi wa pwani anapotaka kuupanda mnazi hukata vidato shinani na kuendelea kuvikata hadi juu, na katika kila kimoja huweka unyayo. Kutoka hapo neno likahamia shuleni, kidato cha kwanza hadi cha sita. Ni neno zuri, la kazi na la jasho, tena limetoka kwetu wenyewe. Ila limekuja na umbo la mti wake. Mnazi hauna matawi. Aliye kidato cha tatu hawezi kwenda kando; atapanda, atashuka au ataanguka. Shule iliyojengwa kwa vidato ndivyo ilivyokuwa: shina moja, na kileleni nafasi chache.

Hitaji la matawi likaleta mchepuo. Kuchepuka ni kuiacha njia kuu ukashika ya kando, na katika miaka ya 1970 sekondari zetu zilipewa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. Sayansikimu ni neno la kustahiwa. Limeunganisha sayansi na kimu, kitenzi cha kumpatia mtu mahitaji ya maisha, kilekile tunachokipata katika kujikimu. Walioliunda walitambua kwamba mapishi, malezi na ushonaji vina elimu yake. Mchepuo wenyewe haukubahatika vile. Leo unasikika zaidi katika shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza, na mtaani ndugu yake mchepuko amekuwa mpenzi wa pembeni, hata kampeni ya afya ikawasihi watu wabaki njia kuu. Kwa ndoa ni ushauri mwema. Kwa kijana wa miaka 16 anayejaribu kujua kama moyo wake uko kwenye muziki au kwenye kemia, kubaki njia kuu huenda kukamgharimu maisha.

Kisha kuna tahasusi, neno ninalolipenda kuliko yote katika orodha hii. Wanafunzi hawalitumii sana. Wao husema kombi. “Unasoma kombi gani?” ni swali la kwanza la bwenini. Tahasusi ni neno la nyaraka na vyombo vya habari, na kamusi hulieleza kuwa ni mchanganyiko wa masomo. Maelezo hayo yanatosha kwa mtihani, lakini yanaficha asili yake. Ukoo wa tahasusi ni wa Kiarabu na watoto wake wamejaa katika usemi wetu wa kila siku: hasa, husu, hususani, mahususi. Wote wana maana moja moyoni, jambo kuwa la mtu au kitu fulani na si la kila mmoja. Kiarabu kina khassasa, kumtengea mtu jambo maalumu, na kina takhassasa, mtu mwenyewe kujitengea jambo hilo akalifanya lake. Tahasusi imetoka katika umbo la pili. Ndani yake, kabla haijafika kwetu, tayari mlikuwa na maana ile ya -ji-.

Sisi tukaichukua nomino, tukakiacha kitenzi. Hakuna mwanafunzi anayesema “natahasusi historia na uchumi.” Anasema nimepangiwa HGE. Panga, pangia, pangiwa: kila kiambishi kinachoongezwa kinamsogeza mtendaji mbali na mwanafunzi, hadi mwishoni mpangaji hatajwi kabisa. Neno lililoundwa kumtaja mtu anayejitafutia utaalamu limekuwa jina la kitu anachopewa.

Hata herufi zenyewe zina habari. Katika HGL na HKL, H ni historia, G ni jiografia, K ni Kiswahili. L ni Kiingereza; E, kama katika HGE, ni uchumi. Basi Kiingereza kikaandikwa kwa neno lake chenyewe la “lugha”, kana kwamba ndicho lugha, na Kiswahili kinachokaa pembeni yake katika HKL ni kitu kingine. Vijana wengi wamezisoma herufi hizo miaka miwili bila mwalimu yeyote kuwaeleza. Nadhani wanastahili kuelezwa.

Mwezi Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, zikaongezwa kwenye 16 zilizokuwapo, jumla ikawa 65, zikapangwa katika makundi saba: sayansi ya jamii, lugha, masomo ya biashara, sayansi, michezo, sanaa na elimu ya dini. Nililipokea tangazo hilo kwa furaha ya kweli, na furaha hiyo bado ninayo. Kichina na Kiarabu viliingia, muziki ukaingia, michezo ikaingia. Binti anayecheza mpira vizuri na kusoma vizuri pia alipata kuona kwamba yote mawili yanaweza kuandikwa katika cheti kimoja.

Lakini tahasusi 65 bado ni tahasusi, yaani masomo matatu yaliyokwisha kufungwa pamoja na mtu mwingine. Chukua masomo 20 tu, uyapange matatu matatu bila sharti lolote: utapata michanganyiko 1,140. Sisemi shule iwe nayo yote. Mwalimu mkuu mwenye mwalimu mmoja wa fizikia na maabara moja hawezi kufanya miujiza, na ratiba ya shule ina saa zilezile. Ninachosema ni kwamba kuongeza idadi ya mafungu ni kazi moja, na kumruhusu mwanafunzi afunge fungu lake ni kazi nyingine, nasi tumeziita kazi zote mbili kwa neno moja. Shule nyingi za Kidato cha Tano ni za bweni na kila moja ina tahasusi chache. Kwa hiyo anayetaka kubadili somo moja mara nyingi hulazimika kubadili shule, pengine na mkoa. Baada ya matokeo ya Kidato cha Nne, TAMISEMI hufungua mfumo ili wahitimu wabadili machaguo yao, na hilo ni jema sana. Dirisha hilo likifungwa, kitenzi kubadili nacho huondoka.

Wenzetu wa Kenya wamelifunga fungu kwa namna nyingine. Gredi ya 10 ya kwanza ya mtaala wao mpya ilianza Januari 2026, na mwanafunzi wa sekondari pevu hushika moja ya njia tatu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ya sayansi ya jamii; au ya sanaa na sayansi ya michezo. Kisha huchagua masomo matatu, mbali na yale ya lazima kwa wote. Ulipozuka mjadala wa kama hisabati iwe ya lazima mwaka 2025, iliamuliwa kuwa wote waisome, ila kwa sura mbili, moja nzito kwa wa sayansi na nyingine nyepesi kwa waliobaki. Hilo la sura mbili linafaa kuangaliwa hapa kwetu, maana unyumbufu unaweza kuwa ndani ya somo lenyewe, si katika orodha ya masomo tu.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imetuletea mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Tazama kwanza mkondo. Shuleni tayari lilikuwa na kazi: shule yenye mikondo mitatu ni ile yenye Kidato cha Kwanza A, B na C. Sasa mzazi anayeambiwa “shule hii ina mikondo miwili” hajui kama ameelezwa wingi wa madarasa au aina ya elimu. Uzito wa neno pia unanisumbua. Mkondo wa maji, kama wa Pemba, haumuulizi mtu anakotaka kwenda. Kufuata mkondo ni kwenda unakopelekwa. Kwa uamuzi unaofanywa mtoto akiwa anaingia Kidato cha Kwanza, naye kwa elimu ya msingi ya miaka sita huenda akawa na miaka 12 hivi, neno hilo linasema kweli kuliko tulivyotaka.

Amali, kwa upande wake, ni neno lililochaguliwa vizuri. Maana yake ni tendo, na msikitini tunalisikia katika amali njema, yale mtu aliyoyafanya kwa mikono yake na atakayoulizwa. Zanzibar walilitumia katika elimu mapema, na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali iko kisiwani tangu sheria yake ya mwaka 2006. Bara tulikuwa na ufundi stadi, neno la VETA, mamlaka ya mafunzo hayo, ambalo kwa bahati mbaya lilikaa katika masikio ya watu kama mahali pa waliofeli. Kuazima amali kutoka Visiwani kumempa fundi neno lisilo na kovu. Litabaki safi ikiwa kijana wa amali anayetaka kwenda chuo kikuu ataiona njia, na yule wa mkondo wa jumla anayetaka kujifunza umeme ataiona pia. Wasipoziona, miaka kumi haitapita kabla amali nayo haijawa tusi la uwanjani.

Hapo ndipo tunapolihitaji neno unyumbufu, kutoka nyumbua. Fimbo nyumbufu hupinda isivunjike. Wanasarufi nao wana mnyumbuliko wa vitenzi, namna shina moja linavyopokea viambishi na kubaki lilelile. Nyaraka zetu husema mfumo nyumbufu, mfumo unaonyumbulika. Ni sawa, lakini sifa hiyo ni ya mfumo. Mwanafunzi anahitaji vitenzi vyake. Je, anaweza kuhama? Kurudi? Kuahirisha?

Kuahirisha ni mfano mzuri. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayeugua, anayejifungua au anayekosa ada huahirisha masomo. Kuna fomu, kuna utaratibu, na jina lake linabaki kwenye daftari. Wa Kidato cha Tano akikaa nyumbani muhula mmoja kumuuguza baba yake, maneno yanayomsubiri ni mtoro na aliyekatisha masomo. Tofauti yao ya umri ni miaka michache tu. Kabla ya Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, msichana aliyepata mimba hakuwa na kitenzi chochote cha kumrudisha darasani. Waraka ule ukampa kurejea. Sijui waraka mwingine wa karibuni ambao kitenzi kimoja kilibeba watoto wengi namna hiyo.

Na kuna wale ambao mfumo umewaita, bila kusita, watahiniwa wa kujitegemea. Wanasoma jioni baada ya kazi, wanafanya Mtihani wa Maarifa, wanarisiti somo moja mwaka huu na jingine mwaka ujao, wengine wanafikia Chuo Kikuu Huria wakiwa na watoto wao wenyewe shuleni. Jina lao linakumbusha Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967. Wao ndio hasa wanaotahasusi: wanachagua masomo, mwendo na wakati. Inasikitisha kwamba uhuru huo tunampa mtu baada tu ya kumtoa nje ya lango. Mafundi waliojifunza gereji nao wana urasimishaji ujuzi, unaowapimia wanachokijua na kuwapa cheti. Basi uwezo wa kutambua njia isiyonyooka tunao. Tumeuweka nje ya shule.

Wanafunzi wa kwanza wa mkondo wa amali waliingia Kidato cha Kwanza mwaka 2024, na mtihani wao wa Kidato cha Nne utakuwa mwishoni mwa 2027. Kabla ya hapo wizara, Taasisi ya Elimu Tanzania na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) wakae meza moja waandike istilahi tatu pamoja na masharti yake: kuhama mkondo, kuahirisha masomo, na kutahasusi kama kitenzi cha mwanafunzi. Kila neno liambatane na nani anaruhusiwa, lini, kwa alama zipi na aende ofisi gani. Nawe mzazi, simu ya mwezi Juni ikifika, muulize mtoto kwanza alichokichagua, ndipo umuulize alikopangiwa.