Bendera ya Taifa: rangi zake zilitoka wapi?

Ukipita kwenye ofisi ya kijiji au shule, kuanzia Ngamiani hadi Pangani, utaikuta bendera ya taifa. Maana ya rangi zake tulifundishwa shuleni: kijani ni ardhi na mimea, nyeusi ni wananchi, bluu ni maji ya bahari, maziwa na mito, na njano ni madini. Lakini je, rangi hizo zilikutana vipi?

Pwani yetu imeona bendera nyingi. Ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu tupu. Agosti 1888, kampuni ya Wajerumani iliyokuwa imekodishiwa pwani na Sultani ilipandisha bendera yake Pangani. Wenyeji waligoma, na vita vikazuka chini ya Abushiri bin Salim, aliyenyongwa hapo hapo Pangani Desemba 1889. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuja Waingereza, na bendera yao ya Tanganyika ilikuwa na kichwa cha twiga.

Chama cha TANU kilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Bendera yake ilikuwa ya kijani, nyeusi na kijani. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ilichukua rangi hizo na kuongeza mistari ya njano pembeni mwa nyeusi. Luteni Alexander Nyirenda ndiye aliyeisimika juu ya Mlima Kilimanjaro.

Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, ilitumia bluu, nyeusi na kijani, rangi za Afro-Shirazi Party.

Nchi hizo ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na tarehe 30 Juni mwaka huo bendera ya sasa ikaanza kutumika. Kijani na nyeusi tayari zilikuwa za pande zote mbili. Njano ilitoka Tanganyika, bluu ikatoka Zanzibar. Mistari iliyokuwa imelala ikawekwa mshazari.

Msikilizaji, ukipewa kazi ya kupandisha bendera, kumbuka: kijani hukaa juu, upande wa mlingoti, na bluu hukaa chini, upande unaopepea. Mstari mweusi huanzia chini penye mlingoti na kupanda juu. Ukiona bluu iko juu, bendera imepinduliwa, ishusheni muigeuze.