Kidonge cha kichocho kilianzia kwenye mambo ya ubongo

Wadau, ule mjadala wa hosteli bado haujaisha: mtu akisoma sayansi ya ubongo na neva mpaka digrii za juu, halafu akaenda kuajiriwa na kampuni ya dawa, ndiyo ameuza usomi? Wengi wanajibu ndiyo haraka haraka. Mimi naona wasikilize kwanza historia ya kitu ambacho sisi wa kanda ya ziwa tumekimeza toka shule ya msingi.

Praziquantel, bana. Kile kidonge kikubwa, kichungu, miligramu 600. Unasimamishwa kwenye fimbo yenye alama, wanaangalia urefu wako, wanakupa viwili au vitatu. Na uwe umekula, la sivyo tumbo litakuonyesha.

Mwanza imechunguza kichocho toka enzi za mkoloni. Miaka ya 1950 hapa palikuwa na taasisi ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki, chini ya Peter Jordan. Konokono walijulikana, minyoo ilijulikana, shida ilikuwa dawa. Enzi hizo mgonjwa alichomwa antimoni kwenye mshipa, sindano nyingi, na yenyewe ni sumu kwa moyo. Hebu fikiria kufanya hivyo kwa watoto wa Ukerewe nzima!

Sasa jibu halikutoka ziwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakemia wa kampuni ya Merck, Darmstadt, Ujerumani, walikuwa wanatafuta dawa ya kutuliza akili. Kichocho hawakukiwaza kabisa. Kwa kazi ya ubongo zile kemikali hazikufika mbali, ila hazikutupwa. Zilijaribiwa kwa minyoo ya wanyama kule Bayer, na mwaka 1977 Gönnert na Andrews wa Bayer wakaandika kwamba mojawapo inaua minyoo ya kichocho. Mwaka 1983 kampuni ya Shin Poong ya Korea ikapata njia rahisi ya kuitengeneza, bei ikashuka. Tangu 2007 Merck inaitoa bure kupitia WHO.

Kinachonifurahisha zaidi ni hiki: dunia iliimeza karibu miaka 40 bila kujua inamshika mnyoo wapi. Ilionekana tu kwamba kalsiamu inaingia na misuli ya mnyoo inakakamaa. Mwaka 2019 maabara ya Jonathan Marchant, Wisconsin, ikaonyesha mlango wenyewe kwenye seli, wa jamii ya milango ileile ambayo watu wa neva wanaisoma kila siku. Hao ni watu wa chuo, si wa kampuni. Kwa hiyo nani amemuuza nani?

Lawama ninayo, lakini ni nyingine. Dawa ya watoto wadogo, kuanzia miezi mitatu mpaka miaka sita, ilikubaliwa na wataalamu wa Ulaya Desemba 2023. Huku kwetu mtoto anaogeshwa ziwani kabla hajajua kutembea.