Uyoga hujuaje juu ni wapi?

Chuma uyoga mchanga ambao kofia yake bado haijafunguka vizuri (usiuonje kama huujui), ulaze kwenye sinia jikoni, halafu nenda kalale. Asubuhi unaweza kukuta shina limepinda na kofia imeinuka, kama vile kuna mtu aliamka usiku kuusimamisha. Hauna macho wala ubongo, na hata gizani hufanya hivyohivyo.

Unachohisi ni nguvu ya mvutano wa dunia. Kwa uyoga, hili ni suala la kupata watoto au kukosa kabisa. Spora, ambazo ni kama mbegu zake, hutoka kwenye matamvua, yaani vile vipande vyembamba vilivyopangana chini ya kofia. Kila spora hurushwa kidogo tu, chini ya milimita 1, kisha inadondoka yenyewe katikati ya matamvua mawili mpaka ikutane na upepo. Matamvua yakiinama upande, spora zinagonga ukuta na kunasa palepale. Kwa hiyo shina huipeleka kofia juu, na matamvua nayo hujirekebisha mpaka yaning'inie wima. A. H. R. Buller, mtaalamu wa fangasi aliyefundisha Winnipeg, Canada, aliandika kwa kina kuhusu kazi hii tangu 1909.

Shina linapindaje? Seli za upande wa chini hurefuka zaidi kuliko za juu, basi. Kwa uyoga mdogo uitwao Coprinopsis cinerea, unaopenda kuota kwenye samadi, shina huanza kupinda ndani ya kama nusu saa. Na kabla halijafika wima, linaanza kujinyoosha ili lisipitilize.

Sasa, kitu gani ndani ya seli kinahisi? Jibu lililo wazi zaidi limetoka kwa ukungu uitwao Phycomyces blakesleeanus. Ndani ya vijiti vyake vinavyobeba spora kuna fuwele za protini ambazo ni nzito, hivyo huzama upande wa chini, na matone ya mafuta ambayo huelea juu. Kijiti kikilazwa, vyote viwili vinahama. Mwaka 2018 watafiti wa Singapore walionyesha kwamba jeni ya protini hiyo asili yake ni bakteria: fangasi waliichukua zamani sana wakaipa kazi nyingine. Kwa uyoga wa kawaida wenye kofia, mjadala bado unaendelea.

Mvutano ukiondolewa je? Mwaka 1993 uyoga wa Flammulina velutipes ulioteshwa angani ndani ya chombo Columbia, katika safari ya utafiti ya Ujerumani. Uliota vizuri tu, lakini mashina yalielekea huku na huko, mengine yamejisokota.

Si kila sehemu ya fangasi inajali haya. Nyuzi zilizo ndani ya udongo au mbao hufuata chakula, iwe juu au chini.

Ukipita msituni, angalia magogo yenye uyoga mgumu kama kibao. Kama vitundu vyote vinatazama ardhi, uyoga huo uliota baada ya mti kuanguka. Kama sehemu ya zamani imekaa upande na sehemu mpya imegeukia chini, ulianza kuota mti ukiwa bado umesimama.