Kutoka Kasri la Sultani Hadi Inveta ya Jirani

Wasee, leo tuongee stima. Ukitaka kujua nani ako na pesa kwa mtaa, ngoja stima ipotee usiku. Ploti zote giza, halafu nyumba moja friji inanguruma na mechi inaendelea, na husikii jenereta. Hiyo ni inveta, na siku hizi kila fundi wa stima ninayemjua anaulizwa bei yake. Wengi wanaona ni maendeleo. Mimi naona historia ikirudi nyuma, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze 1875. Kwa masimulizi ya Kenya Power yenyewe, mwaka huo Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, alipata jenereta ya kumulika kasri lake na mitaa ya karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akainunua, na hapo kampuni ya stima ya Mombasa ikaanza. Nairobi nayo ikapata yake, na 1922 hizo mbili zikaungana. Sisemi mkoloni alikuwa anatufikiria, la. Waya ulifika kwa wenye nazo kwanza. Lakini ona safari yenyewe: mashine ya mtu mmoja iligeuka kuwa waya wa mji mzima. Gridi ni kuchanga, si ndiyo?

Sasa sola. Kuanzia miaka ya 1980, watu wa ushago waliochoka kungoja nguzo walianza kuweka paneli ndogo juu ya mabati, na chini betri kama ile ya gari. Zilitosha taa, redio na TV ndogo. Vifaa hivyo vilikula stima ya betri moja kwa moja, bila inveta. Mwaka 2012 M-KOPA wakaleta sola ya kulipa mdogo mdogo kwa simu. Wakati wote huo sola ilikuwa ya mahali gridi haijafika. Inveta kubwa ni kinyume: inanunuliwa na mtu ambaye waya umemfikia, na bado hauamini.

Kazi yake si uchawi. Stima ya betri na paneli inaenda upande mmoja tu. Ya ukutani huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na ndiyo friji yako inataka. Inveta hubadilisha ile ya kwanza kuwa ya pili. Taa ya LED inakula kama wati 10, birika la umeme karibu 2,000, kwa hivyo inveta ya kuwasha Wi-Fi haiwezi kubeba saluni. Na si lazima uwe na sola: nyingine huchaji betri kutoka kwa gridi, kisha zinakurudishia stima ikipotea.

Nani alitufundisha kuzitaka? Ni gridi yenyewe. Ukame wa 1999 na 2000 ulipunguza maji kwenye mabwawa tuliyoyategemea, tukagawiwa stima kwa zamu. Juni 2016 tumbili mmoja alianguka kwenye transfoma pale Gitaru, na nchi nzima ikazimika. Tumbili aliokoka. Halafu 2023: Agosti, Novemba na Desemba, stima ilipotea karibu Kenya yote mara tatu. Ile ya Agosti, hata JKIA ilikaa giza kwa sababu jenereta ilikataa kuwaka, na mkuu wa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege akafutwa kazi. Kama uwanja wa ndege umelala giza, kinyozi wa mtaani atangoje nini?

Wakubwa walikuwa wameshaanza. Strathmore iliweka sola ya kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014. Mwaka uliofuata Garden City ikaweka zaidi ya kilowati 800 juu ya maegesho ya magari. Bei ya betri za lithiamu nayo imeshuka zaidi ya asilimia 80 tangu 2010, kwa hivyo kilichokuwa cha chuo kikuu sasa kinaingia kwa nyumba ya familia.

Shida iko hapa. Nguzo, transfoma na mishahara ya kampuni haipungui mwenye inveta akipunguza tokeni. Gharama inabaki kwa waliobaki, na waliobaki ni sisi wa bedsita, ambao hata paa si letu. Kila mwenye uwezo akijenga kasri lake, tumerudi kwa Sultani, tofauti ni kwamba mashine sasa haina kelele.

Simlaumu anayenunua. Mtu anayeuza samaki wa friji hawezi kula ahadi. Lakini Sheria ya Nishati ya 2019 inaruhusu mwenye sola kurudisha stima ya ziada kwenye gridi, na kanuni zake zilitoka 2024. Hiyo ndiyo njia ya kuwaunganisha wenye paa na wasio na paa. Na kwa ploti, inveta moja ya kuchangia ngazi, pampu ya maji na taa moja kwa kila nyumba inawezekana kabisa. Mkikutana na landilodi kuhusu kodi mpya, hiyo iwe swali la kwanza.