Daraja la Gita na Mpingo Wetu

Ndugu zangu tuliopiga magita ya bendi ya shule pale Moshi, mtakumbuka jinsi sauti ilivyopotoka tulipopanda juu ya shingo. Uzi ukibonyezwa huvutika na sauti yake hupanda. Uzi mnene hupanda zaidi, kwa hiyo hutaka urefu zaidi kidogo. Mwaka 1954 Leo Fender wa California alitoa Stratocaster, yenye vikalio sita vya chuma vya kusogezwa kwa skrubu, kila uzi na chake. Lakini magita mengi ya mbao yana daraja lisilosogea, na baadhi huchongwa kwa mpingo. Mwaka 1996 marehemu Sebastian Chuwa wa Moshi na James Harris wa Marekani walianzisha mradi wa kuupanda. Mti huu hukua taratibu mno. Aupandaye leo huwapandia wajukuu. Basi, tupande.