Mngurumo wa Barabara ya Mwese

Nina rekodi za saa tatu za mjomba wangu akisimulia jinsi alivyofika Mwese akiwa mtoto, na karibu saa nzima kati ya hizo haina neno linaloshikika. Kinachosikika ni mngurumo. Tulikuwa tunatoka Mpanda kwa barabara ya vumbi, ndani ya gari kuukuu la familia lililofungwa matairi ya kashata kubwa, yale ya kupandia matope ya masika. Mjomba aliendesha malori miaka mingi, na sikio lake la kulia, lililokuwa upande wa dirisha la dereva, limechoka. Ukimkalisha sebuleni na simu mezani anakuwa mpole, anajibu ndiyo na hapana. Ukimpandisha gari, kila kona inamkumbusha kitu. Kwa hiyo njia ilikuwa moja: kulinyamazisha gari. Katika kutafuta namna, nikaingia kwenye historia ya tairi na sikutoka haraka.

Kumbe tairi la upepo lilibuniwa, kwa sehemu, ili kupunguza kelele. Mwaka 1845 Robert William Thomson, Mskoti mwenye umri wa miaka 23, alisajili hataza ya gurudumu lenye mfuko wa mpira uliojazwa hewa. Alitaja faida tatu: farasi atavuta kwa nguvu ndogo, abiria hatarushwarushwa, na gari halitapiga kelele. Ukijua miji ya Uingereza ilivyokuwa wakati huo, magurudumu ya chuma juu ya mawe, unaelewa kwa nini. Mgonjwa akilala ndani, ndugu zake walitandaza majani makavu barabarani mbele ya nyumba ili apate usingizi. Lakini mpira ulikuwa ghali, uvumbuzi wa Thomson ukasahaulika, hadi John Boyd Dunlop alipoubuni upya huko Belfast mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli ya mtoto wake.

Baada ya hapo dunia nzima ikataka mpira, na hapa historia inasogea karibu na kwetu. Karema, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, iko wilaya moja na Mwese. Mwaka 1879 Wabelgiji waliotumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Pili walijenga kituo hapo. Mwaka huohuo Leopold aligharimia jaribio la ajabu: tembo wanne kutoka India walishushwa pwani karibu na Dar es Salaam ili waonekane kama wangeweza kubeba mizigo mahali pa wapagazi. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema. (Mguu wa tembo una mto mnene wa mafuta chini ya kisigino, hutembea kimya kuliko mnyama yeyote wa ukubwa ule. Barabara za Katavi hazijawahi kupata chombo kitulivu kama hicho.) Mwaka 1885 kituo kilikabidhiwa kwa mapadri wa White Fathers, na Leopold akageukia ng'ambo ya ziwa, kwenye Dola Huru ya Kongo. Huko, tangu miaka ya 1890, watu walilazimishwa kugema mpira wa mwituni. Wanawake walishikwa mateka hadi waume zao walete kiasi kilichodaiwa, na mikono ya watu ilikatwa. Mwaka 1904 ripoti ya Roger Casement iliyaweka hayo wazi. Sidhani kama mtu aliyekuwa akiteleza kwa baiskeli katika mitaa ya Brussels, bila kusikia hata mlio wa gurudumu, alijua utulivu ule umetoka wapi.

Sasa kwa nini tairi lilelile lililokuja kuua kelele ndilo linalotuziba masikio leo? Mwendo ndio jibu la kwanza. Gari dogo likipita kilomita 50 kwa saa, hivi, kelele ya tairi huishinda ile ya injini. Kila kitalu cha kashata kinagonga ardhi, na hewa iliyobanwa katikati ya vitalu inafyatuka. Watengenezaji hutofautisha ukubwa wa vitalu ili mlio usiwe wa noti moja, lakini kashata kubwa za matopeni zina nafasi pana mno kwa ujanja huo kufua dafu. Kisha hewa iliyo ndani ya tairi nayo inavuma kama ndani ya mtungi, kwa herzi 200 na ushee. Sauti ya mwanamume anayeongea huanzia chini kidogo ya hapo, na mvumo mzito wa aina hiyo hufunika kwa urahisi sauti zilizo juu yake. Ndivyo mjomba alivyozama.

Fundi niliyempelekea gari Mpanda aliinua gurudumu moja moja kwa jeki, akalizungusha kwa mkono huku kiganja kingine kimeshika springi. La nyuma kushoto lilikuwa linakwaruza: bering imekufa. Nusu ya kelele niliyoilaumu kwa tairi ilikuwa yake. Mbele, matairi yalikuwa yamelika upande mmoja, na tairi la namna hiyo hunguruma hata kwenye lami mpya. Tukabadilisha bering, tukanyoosha magurudumu, tukafunga matairi yenye kashata ndogo. Hapo nilisita kidogo, maana masika ya Mwese hayana adabu, lakini tulikuwa Julai.

Somo bora alinipa bure. "Fuata vumbi," alisema. "Panapopita vumbi, kelele imepita." Tukainua kapeti, na kweli: michirizi myekundu ilielekeza kwenye vitundu viwili vya sakafu vilivyopoteza vizibo vya mpira, na kwenye kona ya mlango ambako mpira ulikuwa umekauka na kupasuka. Vizibo, mpira mpya, na blanketi zito chini ya kapeti. Vilivyobaki ni mguu wangu. Nikashuka kutoka kilomita 80 hadi 50.

Mjomba akasikika. Alisimulia treni kutoka Tabora, kwenye reli ambayo Waingereza waliifikisha Mpanda kufuata madini ya risasi, mgodi ambao ulifungwa mwaka 1960. Walikuwa Wanyarwanda waliokimbia kwao, wakapitia Kivu, na katikati ya miaka ya 1960 wakapewa ardhi katika nyanda za juu za Mwese. Shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964, liliwahudumia. Uraia wengi wao waliupata mwaka 1980. Hayo nilikuwa nayajua. Ambalo sikulijua ni lori. Nilimuuliza kama lile lililowapandisha mlimani lilikuwa na kelele.

"Kelele?" akacheka. "Anko, ile ndiyo ilikuwa redio yetu. Lori likiwa bado mabonde mawili huko, mama anasikia, anaanza kuwasha moto. Maana yake unga unakuja. Likipita wiki mbili kimya, ndipo watu wazima walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini."

Akanyamaza kwa kilomita kadhaa. Nilimwacha.

Yale matairi ya zamani nilitaka kumpa mshona katambuga wa sokoni, ila aliyabonyeza tu akayakataa. Yana waya ndani, yanaharibu kisu. Sasa yako juu ya bati la jiko, nyumbani kwa mjomba, yanalikandamiza lisigongegonge upepo ukivuma.