Namna Mafundi Walivyoutafuta Moto wa Plagi

Lori la petroli la zamani linapogoma kuwaka, ilhali betri yake ni nzima na tangi lina mafuta ya kutosha, mafundi husema kwamba halina moto, nao hawakusudii moto wa kuunguza bali ile cheche ndogo ya samawati ambayo sharti iruke kwenye ncha ya plagi ndipo petroli ipate kulipuka ndani ya silinda. Mafundi wa leo wanaobadilisha vipuri kimoja baada ya kingine mpaka gari liwake kwa bahati hawafahamu kwamba utaratibu wa kuitafuta cheche hiyo una tarehe yake, na kwamba kila zama zilikuwa na njia ya uchunguzi iliyotokana na umbo la chombo chenyewe.

Étienne Lenoir aliiwasha injini yake ya gesi kule Paris mwaka 1860 kwa koili ya umeme. Walakini umeme wa siku hizo ulikuwa wa mashaka sana, hata Daimler, alipounda injini zake, akaona ni salama zaidi kupasha mrija wa chuma kwa taa mpaka uwe mwekundu. Kisha ikaja magneto ya Robert Bosch wa Stuttgart, ambayo mhandisi wake Gottlob Honold aliikamilisha mwaka 1902, ikawa yatoa umeme mkali pasipo haja ya betri. Kasoro yake ni kuwa ilitoa cheche dhaifu injini ilipozungushwa polepole, na mpiga hendeli ndiye aliyelipa kwa jasho lake.

Ford Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908, ilikuwa na sanduku la mbao lenye koili nne, moja kwa kila silinda, na kila koili ilinguruma kwa ulimi wake mdogo uliotetemeka. Fundi alifungua kifuniko, akabana ndimi hizo kwa kidole mmoja mmoja injini ikiwa inazunguka: alioubana pasiwe na tofauti yoyote katika mwendo wa injini, silinda yake ndiyo mgonjwa. Hakuhitaji chombo chochote isipokuwa kidole na sikio.

Mabadiliko makubwa yalitoka Dayton, jimbo la Ohio, kwa Charles Kettering, ambaye mtambo wake wa kuwasha kwa betri ulifungwa katika Cadillac za mwaka 1910. Katika mtambo huo njia za umeme ni mbili. Njia ndogo hutoka katika betri, ikapita kwenye swichi na koili hadi pointi, yaani ndimi mbili za chuma zinazogusana na kuachana. Na pointi zinapoachana ghafla, koili huutupa katika njia kubwa umeme wa volti zaidi ya elfu kumi, ukapita katika distributa, chombo kinachougawa umeme kwa kila silinda kwa zamu yake, hadi kwenye plagi. Huo ndio mfumo uliofungwa katika malori ya Chevrolet na Bedford yaliyopita barabara zetu za vumbi, yenye silinda sita zinazowaka kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4.

Maadamu njia ni mbili, swali la kwanza likawa: ugonjwa uko njia ipi? Fundi stadi aliuchomoa waya wa katikati ya distributa, akaushika kwa kitu kikavu, ncha yake akaiweka karibu na chuma cha injini, huku utingo akipiga hendeli. Cheche ikiruka nene na ya samawati, koili haina lawama, bali uchunguzi uendelee mbele, kwenye rota, yaani mkono unaozunguka ndani ya distributa, na kwenye kifuniko chake, ambacho mara nyingi kina ufa mwembamba au unyevu ulioingia wakati wa masika. Cheche isiporuka, fundi alirudi nyuma kwenye pointi. Nyuso zao zikiwa zimechimbika na kuwa kijivu, alizipigia msasa laini, akapangusa kwa kitambaa, akarekebisha uwazi wao, ambao katika injini za namna hii ni karibu nusu milimita, na asiye na kipimo alitumia ukingo wa kadi. Cheche kubwa nyeupe ikiwaka katikati ya pointi zenyewe, kondensa, kile kichombo cha kuizuia cheche hiyo, imekufa, na hapo ndipo penye sababu ya kuungua kwao.

Mimi hapa naona uzuri ambao vitabu havikuusifu: kila hatua ya uchunguzi ilionekana kwa macho. Kampuni ya Chrysler ilipoziondoa pointi katika magari yake yote ya Marekani mwaka 1973, na General Motors ikafuata mwaka 1975, kisanduku kilichofungwa kilichukua mahali pa ndimi zile, na dizeli nayo ikayaondoa malori ya petroli katika safari ndefu. Kwa hiyo, mwenye Bedford la petroli lililogoma asikimbilie dukani kununua koili: afungue kwanza kifuniko cha distributa, ageuze injini polepole, atazame kama pointi zafunguka, kwani kisigino chao kikilika, hazifunguki tena, na koili mpya haitasaidia kitu.